Mkono Uliokalafati Upande wa Kushoto

Mpendwa Mjomba,

Sauti yako ya kuongea imeanza kunipotea. Iliyobaki ni ya nyundo. Nyundo yako ya mti ikigonga patasi butu, pamba ikididimia katikati ya mbao mbili: mlio mzito, kama mtu anayepiga gunia la mahindi, mzito tena, mzito tena, kisha pamba inapojaa mlio unageuka ghafla na kuwa mkavu, mwembamba, unaosikika mpaka kwa wauza samaki wa migebuka. Hapo ulikuwa unasogeza patasi mbele kidogo na kuanza upya. Nimekaa hosteli miaka mitatu, jirani na barabara kuu, nikasikia kengele na mashine za kila namna. Hakuna kilichoufuta mlio ule.

Nilikuwa na miaka tisa nilipokuletea chakula mwaloni Bangwe nikakukuta umelala ubavu chini ya boti ya mtu. Hukusema asante. Ulisema, "Sikiliza." Ukagonga. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Imeshiba."

Ulicheka mpaka nyundo ikakuanguka. "Imeshiba! Haya, mwenye shule, kaa hapo uniambie nyingine ikishiba. Chakula kikipoa si hoja."

Mama, dada yako, hakupenda. Alikuja mwaloni mwenyewe, kanga mabegani, akakwambia mtoto wa kike hapandi juu ya boti ambayo haijashushwa majini, ni mkosi. Wewe ukamjibu, "Basi atakaa pembeni yake." Nikakaa pembeni yake likizo hadi likizo. Likizo ya kwanza sikushika chombo chochote. Nilichambua pamba, nikaiondoa mbegu, nikailoweka kwenye mawese, nikaisokota juu ya paja mpaka sketi yangu ya shule ikageuka rangi ya machungwa na Mama akaapa kwamba hafui tena. Hivyo ndivyo mwanafunzi wako yeyote alivyoanza. Alichambua pamba, akala kwako, akalala kwako msimu wa mvua njia zikiharibika, na siku ukiridhika unampa tezo yake ya kuchongea mbao mkononi mbele ya watu, basi, amekuwa fundi. Neno ufadhili halikuwa limefika mwaloni, lakini jambo lenyewe lilikuwepo kwenye sinia la ugali nyumbani kwako.

Mimi hukunipa tezo mbele ya watu. Nitafika hapo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Uliitwa msibani Mwandiga siku mbili, ukaacha boti ya Mama Tatu mwenye duka, upande wa kulia umekwisha na wa kushoto haujaguswa. Uliniachia maagizo mawili: niloweke pamba, na nisipige. Nililoweka. Halafu nikakaa nikaitazama ile boti, nikajiambia kwamba ukirudi ukaukuta upande wa kushoto umekwisha, hutaniita tena mwenye shule kwa ule utani wako. Nikapiga. Nilipiga siku nzima na nusu ya siku ya pili, kila unganiko, mpaka kila moja likatoa ule mlio mkavu. Nilifuata sikio kama ulivyonifundisha.

Ulichokuwa hujanifundisha bado ni kwamba ubao mkavu unalidanganya sikio. Boti ile ilikuwa imekaa juani kiangazi chote. Ubao wa namna hiyo ukishuka majini unakunywa, unanenepa, unatafuta nafasi. Ndiyo maana fundi anayeziba mbao kavu kwa pamba, anayekalafati, anaacha kupiga kabla ya mlio kugeuka, anauachia ubao nafasi ya kunenepa. Mimi sikuiacha. Nilishindilia.

Ulirudi umechoka, macho mekundu ya msiba. Ukapitisha kiganja juu ya unganiko moja. "Umepiga wewe?"

"Ndiyo."

"Pazuri." Ukaenda kulala.

Boti ilishushwa majini, ikapakia madumu ya mawese na katoni za sabuni, ikaelekea kijiji cha Kagunga. Njiani ubao wa tatu wa kushoto ulijisukuma nje, misumari ikaachia. Walitupa madumu, wakapiga makasia wakisali, wakaifikisha ufukweni ikiwa imejaa maji mpaka kwenye viti. Hakuna aliyekufa. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kwenye madaftari yangu, kana kwamba siku moja nitaiandika na itatosha.

Siku walipoirudisha Bangwe, mwalo mzima ulikuja kutazama. Mzee Ruhaga, ambaye karakana yake ilikuwa hatua hamsini kutoka kwako, aliinama, akaichomoa pamba kwa kidole, akaiinua juu ili kila mtu aione.

"Sefu, hii ni kalafati au mtu ameshindilia mihogo kwenye kinu? Nani alipiga hapa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka.

"Mkono wangu," ulisema.

"Basi mkono wako umezeeka. Kasuke mikeka."

Watu walicheka. Mama Tatu hakucheka, alilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baada ya siku hiyo boti kubwa zikaanza kupita kwako bila kusimama, zikaenda hatua hamsini mbele. Wewe ukabaki na mitumbwi ya kuziba matundu. Wewe na Mzee Ruhaga, mliokuwa mkiazimana misumeno, hamkusalimiana tena mpaka ulipokufa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Ujiji siku ile nilikuuliza kwa nini. Ulijibu bila kugeuka: "Wewe shule inakungoja. Jina lako lisianze na boti iliyofumuka." Ukaongeza kwamba hata hivyo uliikagua kwa kiganja badala ya jicho, kwa hiyo hukusema uongo sana. Uongo kidogo tu. Nilikushukuru, Mjomba. Nilikushukuru kidato cha tano na cha sita, nikakushukuru chuoni. Nilikuja na shahada yangu ya mipango, nikaiweka mezani kwa Mama, na wewe ulikuwa umeshazikwa masika iliyotangulia. Nikaendelea kukushukuru mpaka mwaka huu.

Mwaka huu nimeacha.

Kuna mradi umekuja wa kufadhili vijana wa kata zetu wajifunze ufundi, ama chuoni, ama kwa fundi wa mtaani kwa utaratibu wanaouita uanagenzi. Anayekubaliwa analipiwa mafunzo na kupewa vifaa, na fundi anayemfundisha naye anapata kifuta jasho. Nilisoma tangazo nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya kata, nikalisoma tena. Unajua kwa nini vijana hawaji tena kwenye boti. Ujuzi wa kuunda boti unataka miaka miwili ya kula kwa mtu, na mafundi waliobaki hawana tena sinia la kulisha watu wawili. Tangazo lile lilikuwa sinia.

Niliingia ndani. Afisa alikuwa kijana wa rika langu, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Alizungusha orodha ili niisome: ushonaji, urembo, mapishi, umeme wa majumbani, uchomeleaji, useremala.

"Uundaji wa boti uko wapi?"

"Haumo. Andika useremala, dada. Mbao ni mbao."

"Kabati likivuja, kaka, nani anazama?"

Alicheka, lakini alicheka kama mtu anayetaka kumaliza foleni. "Na shahada yako hiyo, tezo ya nini? Ungekuwa wewe ndiye unayekaa kwenye kiti hiki."

Niliandika useremala. Nakuambia ukweli, niliandika. Baada ya wiki chache ikaja barua: nimekubaliwa, chuo cha mkoa mwingine, kila kitu kimelipiwa, nithibitishe kabla ya Ijumaa. Mama aliisoma herufi kwa herufi, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu. "Chukua," alisema. "Kaka yangu alikufa na mikono mitupu kwa ajili ya boti. Sitaki wa pili."

Sikulala vizuri, na asubuhi nikarudi ofisini kuuliza kama hakuna njia nyingine. Kulikuwepo. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na mstari ulioandikwa "fani nyingine". Ukiujaza, unatakiwa kuleta fundi anayekubali kukupokea, na maandishi ya fundi anayeshuhudia angalau kazi moja uliyowahi kuifanya kwa mkono wako.

Kazi moja. Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa mtaro. Likizo zote zile, Mjomba. Nimesokota pamba ya boti ambazo mpaka leo zinakwenda Kagunga na kurudi. Nimechonga mbavu mbili za mtumbwi wa msikitini. Lakini yote hayo yalikuwa "mkono wa Sefu". Uliponificha kosa langu ulinificha na mikono yangu. Huwezi kumficha mtu nusu. Mwalo mzima unanifahamu kama binti aliyekuwa akileta chakula.

Hapo ndipo shukrani ilipokatika. Leo nakukaidi, Mjomba. Nakukaidi kwa adabu zote, nimevua viatu, nimekaa mkekani, lakini nakukaidi. Ulinihurumia bila kuniuliza. Uliamua kwamba jina langu ni la kuwekwa kabatini na la kwako ni la kutupwa ufukweni. Na hawa wenye orodha wameamua vivyo hivyo kwa wema uleule: kwamba ujuzi wa ziwa hili si fani, kwamba kijana wa Bangwe akitaka kufadhiliwa ajifunze kwanza kitu cha mahali pengine, kwamba msichana aliyesoma asishushwe mpaka kwenye mchanga. Nimechoka kuhurumiwa. Fedha hizi zimesemwa ni za jamii zetu. Basi ziukute ujuzi wa jamii zetu mahali ulipo, ukiwa umelala ubavu chini ya boti, mawese mpaka kwenye viwiko. Sitaubadilishia jina ili utoshe kwenye fomu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Mzee Ruhaga. Ndiye pekee aliyebaki Bangwe anayeunda boti kubwa tangu mkuku, ule uti wa chini, hadi ukingo. Mafundi wake waliponiona waliacha kupiga randa.

"Dada, ofisi ziko mjini," mmoja alisema.

"Mwacheni, amekuja kununua boti ya harusi."

Nilimsalimia mzee shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama juu ya miwani iliyofungwa kwa uzi. "Wewe si mpwa wa Sefu? Yule mwenye shule?"

"Ndimi."

"Unataka nini?"

"Kujifunza. Kuna mradi unalipia. Nahitaji fundi wa kunipokea."

"Kwa Sefu hukujifunza?"

"Nilijifunza."

"Basi nionyeshe. Boti ipi hapa ziwani ina mkono wako?"

Vijana wake walikuwa wakitusikiliza wazi, nyundo zimepumzika. Nilijua kwamba nikijibu, jibu litafika Ujiji kabla yangu. Nikasema, "Ile ya Mama Tatu. Iliyofumuka. Upande wa kushoto nilipiga mimi. Mjomba alikuwa msibani Mwandiga, na alinikataza."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ruhaga aliweka tezo chini, akaivua miwani. Nilitegemea matusi. Yalikuja, lakini hayakuwa niliyoyatayarishia moyo.

"Kwa hiyo mliniacha," alisema polepole, "nikamtukana mtu kwa kosa la mtoto. Miaka yote. Mtu akafa. Mimi sikwenda kumzika, unajua hilo? Nilifunga mlango nikakaa ndani nikasikia watu wanapita na jeneza. Mliniacha nifanye hivyo."

"Ndiyo, mzee."

"Yeye na wewe. Mlikuwa na haki gani?"

Hukuwa umefikiria hilo, Mjomba, na mimi pia sikuwa nimelifikiria: kwamba uongo wako mdogo ulimnyang'anya mwenzako mazishi yako.

Alirudisha miwani usoni, kisha akauliza kama mwalimu anayesahihisha: "Ulikosea wapi?"

Nilimweleza. Ubao mkavu, kiangazi chote juani, mlio uliogeuka mapema, nafasi niliyoiziba. Nilimweleza pia nilichokuja kukifahamu baadaye kwa kufikiri peke yangu, kwamba kama ningeipiga asubuhi, mbao zikiwa bado na umande, sikio lingenionya.

"Hilo la umande nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akaguna. "Mimi siandiki barua za huruma. Nikishuhudia, nitashuhudia ninachokijua. Kwamba kazi yako ya kwanza ilizamisha mzigo wa mama wa watu. Utaipeleka barua hiyo?"

"Andika, mzee."

"Andika wewe. Miwani hii ni ya kuonea mbao."

Kwa hiyo niliandika mimi, juu ya ubao wa mninga, yeye akitamka. Alipofika kwenye boti nilitaka kuandika "ilipata hitilafu". Kalamu ilikuwa imeshaanza herufi ya kwanza. Nikaikata, nikaandika "ilifumuka". Akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa sauti mbele ya vijana wake wote: kwamba boti ya kwanza aliyoikalafati mwombaji ilifumuka ikiwa na mzigo, kwamba anaijua sababu, na kwamba mimi Ruhaga nakubali kumpokea nimfundishe pale marehemu Sefu alipoishia. Akaweka sahihi ndefu kama kamba ya nanga. Mmoja wa vijana akasema, "Mzee, hii ni barua ya kazi au hati ya mashtaka?" na mzee mwenyewe akacheka, mara moja tu.

Kabla sijaondoka aliniuliza kaburi lako liko upande gani. Ijumaa alikuja Ujiji na jembe. Alipalilia bila kuzungumza, akaomba dua, akakaa pale mpaka jua likamfukuza. Sikumwuliza alikwambia nini.

Mama nilimwambia usiku wa Jumatano, kabla hajaambiwa na majirani. Hakunipigia kelele. Alisema, "Nimemlaumu kaka yangu mpaka kaburini, na wewe unanitazama." Alikwenda kulala bila kula. Sasa anazungumza nami kwa maneno ya lazima: maji, chumvi, funga mlango. Nastahili. Sitamwomba aharakishe.

Na ndiyo sababu barua hii ni ya wazi. Uongo ulisemwa hadharani, mbele ya watu waliocheka, na ukweli haustahili kunong'onwa. Aliyecheka siku ile asome. Mama Tatu asome, au asomewe, ingawa nimeshamfuata dukani kwake na kumwambia uso kwa uso. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipimia sukari niliyoitaka, akasema, "Ukiwa fundi kweli, utaniundia." Sikujua kama ni msamaha au hukumu. Niliitikia ndiyo.

Unajua tabia yangu ya kupima jambo mpaka lichakae. Safari hii sikupima. Alhamisi, siku moja kabla ya muda kwisha, nilifungua msahafu wa Mama, nikaitoa ile barua ya chuo, nikaenda ofisini. Afisa alisoma barua ya Mzee Ruhaga taratibu, mara mbili.

"Dada, hii inakukataa."

"Inasema nilichofanya. Ndicho mlichouliza."

"Kamati inaweza kusema hapana. Na ukiirudisha hii ya useremala, inakwenda kwa mwingine leo hii. Hairudi."

"Yupo anayeisubiri?"

"Wapo kumi."

"Mpe wa kwanza."

Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza bila kuitazama foleni nyuma yangu. Akachukua kalamu nyekundu akalikata jina langu, akaandika la mtu mwingine juu yake, kisha akanigeuzia karatasi niweke sahihi. Kwenye fomu mpya, mstari wa "fani nyingine", niliandika uundaji wa boti. Kwenye mstari wa "aliyekufundisha kwanza" niliandika majina yako yote matatu. Kamati bado haijajibu. Wakikubali, Mzee Ruhaga atapata kifuta jasho chake na mimi nitapata chombo kipya. Wakikataa, tumekubaliana nitakula kwao na kuwafundisha wajukuu zake hesabu jioni, mpaka mafunzo yatakapokwisha.

Sikungoja wajibu. Nimeanza Jumatatu.

Mungu akurehemu, na anisamehe kwa kukukaidi ukiwa huwezi kunijibu.

Mpwa wako